Chumvi ya Mama Imeshuka na Presha Iko Juu: Inawezekanaje?

Swali. Msomaji wa Bahi, mkoani Dodoma, anauliza hivi: "Shikamoo daktari. Mama yetu ana miaka 71 na ana presha ya muda mrefu. Kliniki walipotuambia apunguze chumvi, tuliiondoa kabisa kwenye chakula chake. Meno yamemwishia, kwa hiyo anakunywa uji mwepesi wa mtama na chai ya rangi zaidi kuliko anavyokula, na kwa joto la Oktoba tulimhimiza anywe maji mengi. Wiki tatu baada ya kuongezewa dawa ya kukojoza iitwayo haidroklorothayazidi, alilegea, akatapika, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Tulidhani malaria imepanda kichwani. Hospitalini walipima wakasema chumvi imeshuka mwilini, sodiamu ni 119. Amepata nafuu, amerudi nyumbani, na ile dawa imesimamishwa. Sasa dada zangu wanataka arudishiwe chumvi kwa wingi, hata ya kulamba. Mimi naogopa presha. Mtu anawezaje kuwa na presha inayoletwa na chumvi, halafu chumvi hiyohiyo ikawa pungufu? Na tumlishe nini?"

Jibu. Marahaba, ndugu yangu, na poleni kwa kuuguza. Nianze na ile namba 119, kwa kuwa ndiyo inayowagawa wewe na dada zako. Sodiamu ni madini yaliyomo kwenye chumvi, na maabara inapotoa jibu lake haisemi mwilini mwa mama kuna sodiamu kiasi gani; inasema katika kila lita moja ya majimaji ya damu yake kuna milimoli (kipimo cha wingi wa chembe) ngapi za sodiamu. Kiwango cha kawaida ni kati ya 135 na 145. Huo ni uwiano wa vitu viwili, sodiamu na maji, na uwiano huo hushuka kwa njia mbili: ama sodiamu imepungua, ama maji yamezidi. Mchuzi ulioongezwa maji huwa chapwa ilhali hakuna hata chembe ya chumvi iliyotolewa sufuriani. Kwa wagonjwa wengi wenye sodiamu ya chini, kilichotokea ni hicho cha pili: maji yamezidi yale ambayo figo ziliweza kuyatoa, wakati mwingine pamoja na upungufu wa sodiamu yenyewe. Kwa hiyo jibu la 119 halikuwa amri ya kumlisha mama chumvi.

Presha nayo inafuata hesabu nyingine. Mtu mzima mwenye kilo 70 ana takriban gramu 90 hadi 100 za sodiamu mwilini, sehemu ikiwa imefungwa ndani ya mifupa na iliyobaki karibu yote ikiwa kwenye majimaji yaliyo nje ya seli, yakiwemo majimaji ya damu. Sodiamu haikai huko nje kwa bahati. Kwenye utando wa kila seli kuna pampu, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957 na Jens Christian Skou wa Denmark, ambaye kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997. Pampu hiyo hutoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, usiku na mchana, kwa kutumia nguvu inayotokana na chakula. Tofauti inayoundwa hivyo ndiyo inayowezesha neva kupeleka taarifa na misuli kujikunja, ukiwemo moyo. Na kwa kuwa maji huifuata sodiamu, kiasi cha sodiamu kilicho mwilini ndicho kinachoamua majimaji ya nje ya seli yawe mengi au machache. Kila gramu 9 za chumvi zinazobaki mwilini hubaki na lita moja hivi ya maji. Majimaji hayo yakiongezeka, mishipa hujaa zaidi na presha hupanda, hasa kwa wazee, ambao mishipa yao imekakamaa.

Mwili unasimamia mambo haya mawili kwa mifumo miwili tofauti, na hapa ndipo fumbo lako linapofumbuka. Wingi wa sodiamu unasimamiwa na figo zenyewe pamoja na homoni. Figo zikihisi kwamba damu inayozifikia imepungua hutoa renini, renini huanzisha mfululizo unaoishia kwenye homoni ya aldosteroni kutoka tezi zilizo juu ya figo, na aldosteroni huziamuru figo zisipoteze sodiamu. Damu ikijaa kupita kiasi, moyo nao hutoa homoni yake inayoruhusu sodiamu itoke kwenye mkojo. Uwiano wa sodiamu na maji unasimamiwa na ubongo. Sehemu yake iitwayo haipothalamasi hung'amua badiliko dogo sana la uwiano huo, asilimia moja au mbili tu, kisha huamsha kiu na kuachia vasopresini, homoni inayozuia maji yasitoke kwenye mkojo. Mfumo wa kwanza huangalia kama mishipa imejaa. Wa pili huangalia kama majimaji yamekolea. Mmoja unaweza kuwa na jibu la "zaidi" wakati mwingine una jibu la "pungufu".

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mgonjwa wa moyo ulioshindwa kusukuma damu. Huja miguu imevimba, tumbo limejaa, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Mwilini mwake mna makumi ya gramu za chumvi ya ziada na lita kadhaa za maji ya ziada, lakini kwa kuwa maji yamezidi hata hiyo chumvi, sodiamu kwenye karatasi ya maabara husomeka 125. Ndugu zake wakimlambisha chumvi kwa sababu "imeshuka", watamjaza maji kwenye mapafu. Simfananishi mama na mgonjwa huyo, kwa sababu hali yao si moja. Namtaja ili uone kwamba presha ya juu na sodiamu ya chini havipingani hata kidogo.

Sasa, ni nini kilimwangusha mama? Si kupunguziwa chumvi peke yake, na nasema hivyo kwa uhakika. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, na ndani ya majimaji hayo mna sodiamu inayolingana na chumvi inayozidi kilo moja. Zaidi ya asilimia 99 yake hurudishwa mwilini. Mtu mwenye figo nzima akila chumvi kidogo sana, figo huziba upotevu mpaka sodiamu ya kwenye mkojo inakaribia sifuri. Utafiti mkubwa kuhusu chumvi na presha uitwao INTERSALT, uliochapishwa mwaka 1988, uliwapima pia Wayanomami wa msitu wa Amazon nchini Brazili, watu wasioongeza chumvi kwenye chakula chao. Kiasi cha sodiamu kwenye mkojo wao kilikuwa kidogo mno, presha zao zilikuwa za chini, na hazikupanda kwa umri kama zinavyopanda za wengi wetu. Waliishi, waliwinda na kuzaa bila kopo la chumvi.

Lakini mama alikuwa na mambo matatu yaliyokutana. La kwanza ni ile dawa. Haidroklorothayazidi hufanya kazi kwenye sehemu ileile ya mirija ya figo ambako mkojo huchujushwa, yaani ambako sodiamu huondolewa ili mkojo unaobaki uwe wa maji matupu na maji ya ziada yapate pa kutokea. Dawa ikiizuia sehemu hiyo, sodiamu hutoka, na jambo hilo ndilo linalotakiwa kwa ajili ya presha, lakini figo hupoteza pia uwezo wa kutoa mkojo mwepesi. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, na imewakinga watu wengi na kiharusi. Wengi wanaoitumia hawapati tatizo hili. Wanaolipata mara nyingi ni wazee, wanawake kuliko wanaume, wenye miili midogo, na kwa kawaida ndani ya wiki za mwanzo. Maelezo yako yanamweka mama katikati kabisa ya kundi hilo. Aliyeshuka sodiamu kwa sababu ya dawa ya jamii hii asipewe tena, hata kwa dozi ndogo, hata baada ya miaka. Tafadhali hakikisheni limeandikwa waziwazi kwenye daftari lake la kliniki, kwa jina la dawa, ili daktari wa kituo kingine asiirudishe bila kujua.

La pili ni uji na chai. Watu wengi hudhani figo hutoa maji kiasi chochote unachokunywa, kumbe maji hayatoki peke yake: lazima yatoke na chembe zilizoyeyuka ndani yake, hasa chumvi na yurea, ambayo hutokana na protini tunayokula. Figo za kijana mwenye afya zikijitahidi sana hutumia chembe kama miliosmoli 50 (kipimo cha jumla ya chembe zilizoyeyuka) kutoa lita moja ya mkojo. Za mzee zaweza kuhitaji 100. Mlo wa kawaida wenye ugali, mboga, maharage na nyama kidogo huacha mwilini miliosmoli 600 au zaidi kwa siku, na kwa hesabu hiyo hata mzee ana nafasi ya kutoa lita 6. Uji mwepesi usio na chumvi, usio na karanga wala maziwa, na vikombe vya chai ya rangi, huenda visiache hata 200. Gawanya 200 kwa 100: mama ana uwezo wa kutoa lita 2 tu, na dawa iliyotajwa juu inapunguza hata hizo. Mkimhimiza anywe lita 3 kwa siku, ukitoa kinachotoka kwa jasho na pumzi, salio hubaki mwilini siku baada ya siku. Nimeeleza hili kwa urefu kwa sababu katika nyumba nyingi za kwetu mzee aliyepungukiwa meno hutunzwa hivi hasa, kwa upendo wote, na hakuna anayefikiri kwamba uji mwepesi na maji safi vinaweza kumfikisha hospitalini.

La tatu lilifunga mlango. Dawa ilipoendelea kutoa sodiamu wakati kwenye chakula haiingii, majimaji ya kwenye mishipa yalipungua, na mwili ukilazimika kuchagua kati ya mishipa kujaa na majimaji kukolea vizuri, huchagua kwanza mishipa ijae. Ubongo ukaachia vasopresini ingawa uwiano ulikuwa tayari chini, na figo zikashikilia maji. Kichefuchefu nacho ni kichocheo kikali cha homoni hiyo, kwa hiyo mama alipoanza kutapika hali ikazidi kujisukuma yenyewe.

Kuchanganyikiwa kulitokana na ubongo kuvimba. Majimaji ya nje ya seli yakichujuka, maji huingia ndani ya seli, na ubongo uliomo ndani ya fuvu hauna pa kutanukia. Mwanzoni mtu hulegea, huumwa kichwa, hutapika, huyumba na kuanguka. Sodiamu ikishuka haraka au kufika chini sana, hupatwa na degedege na kupoteza fahamu. Dalili hizi zinafanana mno na za malaria kali, na hapa kwetu wengi huzielekeza huko, au huzitafutia chanzo nje ya tiba kabisa. Kupima malaria ni sahihi. Kipimo kikionyesha hakuna vimelea na mzee bado anaongea yasiyoeleweka, omba sodiamu na sukari vipimwe siku hiyohiyo.

Na hapa naomba dada zako wanisikilize kwa makini. Sodiamu ikiwa imeshuka kwa zaidi ya siku mbili, ubongo huanza kujirekebisha kwa kutoa baadhi ya chembe zake ili usivimbe. Ikipandishwa ghafla baada ya hapo, maji hutoka kwenye seli kwa kasi na utando unaofunika nyuzi za neva huharibika, hasa kwenye shina la ubongo. Mgonjwa aliyekuwa ameanza kuzungumza vizuri anaweza, baada ya siku chache, kushindwa kumeza, kuongea na kutembea, na uharibifu huo unaweza kuwa wa kudumu. Ndiyo maana hospitalini, kwa mgonjwa aliye katika hatari hiyo, hatupandishi zaidi ya milimoli 8 kwa lita katika saa 24 na tunarudia kipimo mara kwa mara. Mwenye degedege hupewa dripu ya chumvi kali kwa kipimo kidogo, chini ya uangalizi wa karibu. Chumvi ya kulamba au glasi ya maji ya chumvi nyumbani haina uangalizi wowote. Isitoshe, humtapisha, humwongezea kiu, na humjaza majimaji mama ambaye presha yake bado ipo.

Niseme pia kuhusu dripu, maana najua huombwa sana mzee anapolegea. Lita moja ya dripu ya kawaida ya chumvi ina gramu 9 za chumvi, yaani karibu mara mbili ya kiasi kinachoshauriwa kuliwa kwa siku nzima. Dripu ya glukosi, ile ambayo ndugu huiita ya kumpa nguvu, mwili ukishaitumia sukari yake hubaki maji matupu, na kwa mtu mwenye sodiamu ya chini maji matupu ndiyo hasa yanayomwumiza. Zote mbili ni tiba zenye mahali pake. Msiombe yoyote katika duka la dawa mtaani bila sodiamu kupimwa.

Sasa chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa kujumlisha vyakula vyote. Mama arudi kwenye kiwango hicho. Asile mlo usio na chumvi kabisa na asilipizwe kwa chumvi nyingi: apate mboga ileile ya sufuria ya familia iliyotiwa chumvi kiasi, na chumvi ya mezani isiwepo. Kwa nyumba yenu nzima kuna njia rahisi ya kujipima. Watu wazima watano wakila gramu 5 kila mmoja, pakiti ya nusu kilo inadumu siku 20. Ikiisha mapema kuliko hapo, nyote mnazidisha, na hapo hatujahesabu mkate, samaki waliokaushwa kwa chumvi na viungo vya mchuzi vya pakiti, ambavyo kwa sehemu kubwa ni chumvi. Endeleeni kununua chumvi yenye madini joto, kwa sababu ya wajawazito na watoto wa hapo nyumbani.

Magadi nayo lazima niyataje, maana nasikia mara nyingi, "Daktari, mlenda wangu hauna chumvi." Magadi ni kaboneti na baikaboneti za sodiamu, yakiwa safi, karibu asilimia 30 ya uzito wake ni sodiamu, dhidi ya asilimia 39 ya chumvi ya kawaida. Ulimi hauyahisi kama chumvi, lakini sodiamu yake inaingia kwenye hesabu ileile. Mlenda ni mboga nzuri, laini kwa asiye na meno, na sitaki mama aukose. Magadi yapunguzwe hadi chembe kidogo tu, na kwenye maharage na makande yaachwe kabisa kwa kuloweka nafaka hizo usiku kucha. Vidonge vya maumivu vinavyochemka kwenye maji pia vina sodiamu nyingi, takriban miligramu 400 katika kila kidonge; apewe vya kawaida vya kumeza.

Lililo kubwa zaidi kwake ni protini. Uji uwe mzito kidogo, utiwe karanga zilizosagwa au maziwa. Choroko na kunde zipondwe. Yai lichemshwe na kusagwa kwenye mchuzi. Hivi ndivyo vitakavyompa figo chembe za kutolea maji. Ubuyu, zabibu na mboga za majani vina potasiamu, na potasiamu husaidia kushusha presha, ila kwa sharti moja: figo ziwe zimepimwa na ziko salama, na daktari ajue kama anatumia dawa za presha au za moyo kama losatani, kaptoprili au spironolaktoni, kwa kuwa dawa hizo huzuia potasiamu isitoke. Kwa sababu hiyohiyo asipewe chumvi mbadala yenye potasiamu bila kuuliza, ingawa kwa watu wenye figo nzima chumvi hiyo ina faida iliyothibitishwa: katika utafiti uliofanyika vijijini China na kuchapishwa mwaka 2021, waliotumia chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu walipata kiharusi kwa asilimia 14 pungufu.

Kuhusu maji, afuate kiu. Joto la Dodoma linachosha, lakini jasho lina sodiamu ndogo kuliko damu, na kwa aliyekwisha kuzoea joto sodiamu hiyo hupungua zaidi; mzee anayekaa kivulini hahitaji kufidiwa chumvi wala kulazimishwa lita 3. Hata hivyo msimbanie maji, kwa sababu kiu ya wazee hufifia, na asiyekunywa vya kutosha sodiamu yake hupanda juu ya 145, hali ambayo nayo huchanganya akili na huua. Mpeni kikombe kila mlo na katikati ya milo, na mtazame mkojo: ukiwa wa njano hafifu, inatosha. Akiharisha, apewe maji ya ORS badala ya maji matupu, pakiti moja kwa lita moja kamili ya maji safi, kwa kuwa uwiano wa sukari na sodiamu uliomo ndani yake ndio unaowezesha utumbo kuyafyonza maji hayo, na ukibadilishwa unaharibu kazi yenyewe.

Kipimo cha sodiamu, potasiamu na kreatinini (inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) kirudiwe ndani ya wiki moja hadi mbili, hata kama anajisikia vizuri, na tena kila dawa ya presha inapobadilishwa. Sodiamu ikipanda na kutulia baada ya dawa kusimamishwa, sababu imejulikana. Ikibaki chini, daktari aendelee kutafuta: kifua kikuu na homa ya mapafu hushusha sodiamu, tezi za juu ya figo na tezi ya shingo zikilegea nazo hushusha, na baadhi ya dawa za kifafa na za sonona hali kadhalika. Siku ya kwenda mchukueni na dawa zake zote mfukoni, pamoja na za mitishamba kama anazitumia, na mwambieni daktari anakula nini na anakunywa vikombe vingapi kwa siku. Kabla ya siku hiyo, akianza tena kutapika, kuumwa kichwa kisichotulia, kuyumba, kusinzia mchana au kuongea yasiyoeleweka, msisubiri tarehe ya kliniki; mpelekeni hospitali yenye maabara siku hiyohiyo.